Mwaka 1928: Kamati ya Mombasa na santuri za Siti binti Saad

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la historia ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu ana orodha moja kichwani. Mwamshe usiku wa manane naye atakukariria bila kigugumizi: Krapf na Kimvita chake, Steere na Kiunguja chake, mkutano wa Mombasa wa Juni 1928, Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, Frederick Johnson katibu, kamusi za mwaka 1939. Orodha hiyo ni sahihi na mtahini hana budi kumpa alama zake. Hata hivyo, kuna swali ambalo orodha yenyewe haina jibu lake. Je, mtu wa Kisumu, wa Kampala au wa Tabora, ambaye hajawahi kutia mguu Unguja, alikisikia wapi Kiunguja kikizungumzwa na wenyewe? Lugha haiingii sikioni kwa azimio la mkutano. Mtu haigi lafudhi kwa kusoma kumbukumbu za vikao.

Katika makala ya leo ninataka kumweka kwenye orodha hiyo mtu ambaye kwa kawaida tunamwachia wanamuziki. Mtu huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Sina nia ya kumpamba, maana wa kumpamba wapo wengi na walianza zamani. Hoja yangu ni kwamba mwaka uleule wataalamu walipokutana Mombasa kuichagua lahaja ya Unguja, Siti alikuwa tayari ameshaipeleka lahaja hiyo Bombay na kuiimba mbele ya mashine ya kurekodia. Tukio moja tunalifundisha. La pili tunalitaja kwa bahati.

Maisha yake ya mwanzo yanajulikana kwa kifupi, na kwa kifupi nitayasimulia. Alizaliwa kijijini Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara, Unyamwezi na Uzigua, kutoka katika tabaka la watumwa. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa, na sina haja ya kumfafanulia msomaji wa Kiswahili maana yake. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, binti huyu alikuwa mtu mzima tayari. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi. Alikuwa akifinyanga vyungu, akivitia kichwani na kuvipeleka mjini akivinadi kwa sauti ambayo, inasimuliwa, watu waliijua kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko ndiko alikoitwa Siti, neno la Kiarabu la kumtaja bibi mwenye hadhi. Kutoka Mtumwa hadi Siti: watu wengi wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa hori walikoishi waliokuwa watumwa na wazao wao, walikuwa katika safari hiyohiyo miaka hiyo. Walibadilisha mavazi, majina na hata makabila waliyojitambulisha nayo. Yeye aliisafiri kwa nyimbo.

Ili tuelewe alichokifanya, ni lazima tujue alichokikuta. Taarabu ya Unguja ilikuwa muziki wa jumba la Sultani. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Baadaye, mwaka 1905, kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kingali hai hadi leo. Wapiga ala na waimbaji walikuwa wanaume, wasikilizaji walikuwa wenye nasaba, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Wengi waliokuwa wakitikisa vichwa kwa raha hawakuelewa vizuri kilichokuwa kikiimbwa, lakini hilo halikuwa neno. Kiarabu kilikuwa lugha ya heshima, na heshima haihitaji kueleweka.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Wapo wanaosema Siti ndiye mwanamke wa kwanza kuimba kwa Kiswahili. Jamani, wanawake wa pwani wameimba kwa Kiswahili tangu enzi. Wameimba unyagoni, wameimba katika lelemama, wamekejeliana katika ngoma za mtaa hadi kukacha. Wala kuyasema mambo ya siku kwa ushairi hakukuanza naye. Muyaka bin Haji alikuwa akifanya hivyo Mombasa karne nzima kabla yake. Jambo jipya la Siti ni kwamba alizichukua ala za jumba la Sultani na kuziwekea maneno ya Ng'ambo. Udi, fidla na kanuni zikaanza kuusindikiza wimbo wa Kiswahili wa mishororo mitatu, wenye vina vya kati na vya mwisho, ambao mpishi, mchukuzi na mwenye nyumba wote waliuelewa neno kwa neno.

Aliyemfunza uimbaji wa ala ni Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa. Baadaye alikusanya kundi lake: Subeti Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Majina haya tusiyapite haraka, kwa kuwa nyimbo tunazoziita za Siti mara nyingi ni kazi ya kundi zima. Walikuwa wakikaa nyumbani kwake, mmoja akitoa tukio lililotokea mtaani, mwingine akilitia vina, mwingine akilitafutia lahani. Usiku uliofuata linaimbwa. Ukipenda, iite chumba cha habari. Waliimba Ng'ambo kwa watu wa kawaida, wakaitwa kuimba kwa matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na wakafika hadi mbele ya Sultani mwenyewe.

Na mambo gani waliyaimba? Mapenzi, bila shaka. Taarabu bila mapenzi ni chai bila sukari. Lakini waliimba pia mambo ya mahakama. Wimbo uitwao "Kijiti" unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa baada ya kutolewa matembezi usiku, akiwa mjamzito. Aliyetuhumiwa alivuka bahari akatorokea bara. Wanawake waliofika mahakamani kueleza walichokijua ndio waliojikuta wakiadhibiwa, kwa sababu ya ulevi uliokuwapo katika matembezi yale. Kisa hiki kingekaa katika faili la kesi hadi mchwa wakimalize. Kundi la Siti lilikitoa humo na kukiweka midomoni mwa watu, na hasira yake kwa mahakama haikufichwa nyuma ya fumbo zito.

Wapinzani nao hawakukosa. Siti alipopata jina, walitunga wimbo wa kumkumbusha kwamba ametoka shamba (kwa maana ya Unguja, yaani nje ya mji) amevaa kaniki, kitambaa cha bei rahisi kilichowatambulisha watumwa, na kwamba kama isingekuwa sauti asingekuwa na cha kumlisha. Wakamsema sura pia. Jibu lake kwa wimbo lilikuwa kwamba uzuri wa sura na nasaba si kitu mbele ya tabia na akili. Watu wa pwani wanayakumbuka majibizano yale mpaka leo, na nimewahi kuwasikia watu wasiomjua Siti ni nani wakiyakariri. Mimi huona ndani yake hoja ya kilugha. Waliomkejeli walimkejeli kwa Kiswahili na wakajibiwa kwa Kiswahili. Ukumbi wa heshima ulikuwa umeshahama Kiarabu bila yeyote kutangaza.

Sasa tuje kwenye mwaka 1928.

Mwezi Machi mwaka huo, Siti na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Lebo ya kampuni hiyo ilikuwa na picha ya mbwa ameinamia kinanda cha santuri, na jina lake, His Master's Voice, maana yake ni "sauti ya bwana wake". Sauti iliyotoka katika sahani zile ilikuwa ya mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa. Sijui kama kuna mtu yeyote mle studioni aliyeliona hilo, lakini siwezi kulitazama jina lile kwenye sahani ya santuri bila kulifikiria.

Upande mmoja wa santuri za siku hizo ulichukua kama dakika tatu tu. Mtu aliyezoea kuimba hadi alfajiri, akirudiarudia mshororo kadiri wasikilizaji wanavyotuza, alilazimika kuchagua beti chache na kuzitamka zikaeleweka mara moja, kwani mashine haitikisi kichwa wala haiombi irudiwe. Ukizisikiliza rekodi hizo leo, nyuma ya mkwaruzo wa sindano, utaona jinsi silabi zinavyokaa mahali pake. Ni matamshi ya mtu aliyejua kwamba anaowaimbia hawaoni mdomo wake.

Santuri ziliuzwa vizuri kupita matarajio ya kampuni. Siti alirudi tena Bombay mwaka uliofuata, na mwaka 1930 kampuni zikaona ni nafuu kuwaleta mafundi wake Zanzibar kuliko kuwasafirisha waimbaji. Kufikia wakati huo makumi ya maelfu ya sahani yalikuwa yameshauzwa Afrika Mashariki. Kinanda kilikuwa ghali, lakini hakikuhitajika kila nyumba. Kimoja katika mkahawa wa kahawa kilitosha mtaa mzima. Mwenye mkahawa alinunua santuri, wateja wakanunua kahawa, na Kiunguja kikaingia masikioni pamoja na harufu ya tangawizi.

Miezi mitatu baada ya safari ile ya kwanza ya Bombay, Juni 1928, ndipo ulipofanyika mkutano wa Mombasa. Waliokutana walikuwa maofisa wa elimu na wamishonari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, pamoja na Profesa Carl Meinhof kutoka Ujerumani. Hoja iliyowatoa jasho ni ya lahaja. Wamishonari wa Mombasa walikuwa wamewekeza miaka mingi katika Kimvita na walikitetea. Wale wa Unguja na bara ya Tanganyika walikuwa na vitabu vya Kiunguja tangu siku za Steere. Kiunguja kikashinda. Sababu zilizotolewa zinafahamika: kilikuwa kimesambaa zaidi bara kupitia misafara ya biashara, na maandishi yake yalikuwa mengi katika shule za Tanganyika. Tangu siku hiyo sisi wa upande wa Mombasa tumekuwa na kinyongo kidogo, na sioni haya kukikiri, kwa kuwa ushairi wa Kimvita na Kiamu hauna mwenzake. Ila kinyongo hicho kiwaelekee wanamkutano. Siti hakushauriwa.

Wala hakushauriwa Mswahili mwingine yeyote kwa namna inayostahili kuitwa ushauri. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, wanachama wake walikuwa Wazungu, na iliendelea hivyo kwa miaka mingi. Waliamua tahajia, wakaidhinisha vitabu vya shule, wakarekebisha miswada. Kazi yao ilikuwa kubwa na baadhi yake tunaitumia hadi leo. Sidai kwamba santuri ndizo zilizosanifisha Kiswahili. Santuri haina tahajia, na mwalimu wa Machakos hawezi kusahihisha insha kwa kutumia wimbo. Ninachodai ni jambo jingine.

Hebu fikiria jinsi Kiswahili kilivyomfikia mtu wa bara ya Kenya katika miaka hiyo. Kilimfikia kama lugha ya amri. Askari alikitumia kudai kodi ya kibanda. Nyapara alikitumia kuhesabu vibarua. Mlowezi alikuwa na Kiswahili chake, tunachokiita Kisetla, ambacho kiliyavunja ngeli zote na kuacha vitenzi katika hali ya kuamrisha tu: leta, peleka, fanya, toka. Mtu aliyekijua Kiswahili kwa njia hiyo peke yake angekuwa na haki ya kudhani ni lugha isiyo na sarufi wala adabu. Na wapo waliodhani hivyo. Masalia ya dhana hiyo tunayakuta mpaka leo, mtu anapojigamba kwamba Kiswahili chake ni kibovu kana kwamba ubovu huo ni cheti cha usomi.

Kisha mtu huyohuyo akapita mbele ya duka la Mhindi mwenye santuri. Akasikia lugha ileile, ila safari hii haimwamrishi chochote. Inalalamika, inabembeleza, inakejeli kwa kuzunguka mbali. Ngeli zimekaa sawasawa bila mwalimu wa kuzisahihisha. Maneno ambayo amezoea kuyasikia yakipigiwa kelele sasa yanavutwa polepole juu ya fidla. Hapo ndipo heshima ya lahaja inapozaliwa, katika sikio la mtu anayependa anachokisikia. Wanaisimujamii wana istilahi zao za jambo hili. Mimi naona inatosha kusema kwamba Kamati ilikipa Kiunguja mamlaka, nazo santuri zikakipa hamu. Ukiondoa hamu, Kiunguja kingebaki kuwa lugha ya mitihani.

Kuna atakayeniuliza: mbona basi nyimbo zenyewe zilichanganya Kiarabu na Kihindi? Ndiyo, zilichanganya. Kundi la Siti lilirekodi nyimbo za Kiarabu pia, na lahani kadhaa zilitokana na zile zilizotamba Misri na Bara Hindi. Wasikilizaji wake walikuwa mji mzima, na mji ule ulikuwa na lugha nyingi. Kiswahili kilichosikika katika santuri kilikuwa Kiswahili cha watu wanaokitumia, chenye mikopo yake mfukoni. Kamati kwa upande wake ilitumia muda mwingi kujadili ni maneno gani yaruhusiwe. Hapa namwachia msomaji apime mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1928, usije ukasahau, wapangaji wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kutolipa kodi ya ardhi ambayo nyumba zao zilijengwa juu yake. Kwa hivyo watu waliomsikiliza Siti barazani mwake walikuwa watu wenye kesi na serikali na wenye kesi na mabwana wao wa zamani. Tukizisoma nyimbo zake kama burudani tupu, hatutaelewa kwa nini nyimbo za mahakama zilipendwa kiasi kile.

Siti alifariki Julai 1950. Waliomfuata ni wengi. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alikua akizisikiliza nyimbo zake na akaziimba hadi uzeeni. Kwetu Mombasa, kina Zuhura Swaleh na Malika waliingia katika uwanja ambao miaka mia moja iliyopita haukuwa na mlango wa wanawake. Nchini Tanzania chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida kiliita "Sauti ya Siti".

Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, kumbukumbu yake iliyo muhimu zaidi ni kitabu. Shaaban Robert alikutana naye akiwa mzee, akamhoji, na akaandika "Wasifu wa Siti binti Saad". Nakipenda kitabu hicho, na pia nina ugomvi nacho. Shaaban Robert alikuwa mtu wa maadili, na Siti wake ni kioo cha maadili: mpole, mvumilivu, mwenye shukrani. Yule Siti wa Ng'ambo, mwenye ulimi wa wembe, ambaye aliwasema mahakimu na wenye vyeo, amepakwa chokaa kidogo. Anayekisoma kitabu bila kuzisikia santuri anapata nusu ya mtu. Ndiyo maana huwa sikubali tasnifu juu ya wasifu huo kama mwandishi wake hajasikiliza rekodi hata moja, na rekodi zinapatikana, kwa kuwa baadhi zimetolewa upya katika sahani za kisasa.

Pamoja na ugomvi wangu, Shaaban Robert aliliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Aliyekuwa bingwa wa nathari ya Kiswahili sanifu alipotaka kuandika maisha ya mtu mzima kwa lugha hiyo, hakumchagua sultani, wala mmishonari, wala gavana. Alimchagua mfinyanzi wa Fumba ambaye hakusoma shule. Wasifu huo haukutoka kwanza kama kitabu. Ulitoka mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kuzikwa, ukiwa nyongeza ya jarida la kitaaluma, na kampuni ya Nelson ikauchapisha kama kitabu mwaka 1967, Shaaban Robert naye akiwa ameshafariki. Jarida lile la 1958 lilikuwa la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ileile iliyozaliwa na mkutano wa Mombasa.